Safari ya V14.4 hadi Mkomaindo

Msimu wa korosho ukianza, barabara za Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, hujaa vyombo viwili visivyolingana hata kidogo: baiskeli yenye gunia kwenye keria, na lori linalowahi ghalani. Vikikutana vibaya, kwa upande wa Masasi majeruhi hukimbizwa Hospitali ya Mkomaindo, na kabla hajafungwa piopi ameshaandikwa kwenye rejista. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, mwendesha baiskeli aliyegongwa na lori au basi barabarani ana msimbo wake: V14.4. Kama amevunjika muundi, unaongezwa S82. Kufika kwenye herufi hizo na tarakimu zake kulichukua karibu miaka mia moja.

Hesabu ilianza kwa wafu. Mwaka 1893, mjini Chicago, Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu ilipokea orodha ya sababu za vifo iliyoandaliwa na Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris. (Ukoo huo ulikuwa na ugonjwa wa kupanga watu: ndugu yake Alphonse ndiye aliyewapa polisi wa Ufaransa mbinu ya kuwatambua wahalifu kwa vipimo vya mwili.) Orodha ya Jacques haikuwa na nafasi ya mtu aliyeumia akapona. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Mei 1896, gari aina ya Duryea lililoendeshwa na Henry Wells lilimgonga mwendesha baiskeli Evelyn Thomas huko New York, akavunjika mguu. Dereva alilala mahabusu. Polisi walijua la kumfanya dereva, lakini orodha ya Chicago haikuwa na mstari wa kumwandikia Evelyn, kwa kuwa hakufa.

Mstari huo ulisubiri hadi 1948. Shirika la Afya Duniani, likiwa changa kabisa, lilichapa toleo la sita la orodha na kuingiza magonjwa na majeraha ya walio hai. Toleo hilo pia lilitenganisha maswali mawili yaliyokuwa yakichanganywa: mwili umeumia nini, na kilichouumiza ni nini. Jibu la kwanza humsaidia mpasuaji, la pili linamhusu zaidi mhandisi wa barabara.

Masasi ilikuwa na madaktari kabla ya mstari huo kuwapo. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika huko mwaka 1876, na mwaka 1935 daktari Mwingereza Leader Stirling alianza kazi Lulindi, upande huohuo wa Masasi. Mtu huyo aliyeanzia porini alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania mwaka 1975. Mwaka huohuo wajumbe walikutana Geneva kukamilisha toleo la tisa.

Toleo la tisa lilikuwa na kasoro inayostahili kutazamwa kwa makini. Ajali ya gari kugongana na chombo kingine ilipewa E813. Aliyeumia alitajwa mwishoni kabisa, kwa tarakimu ya nne, na 6 ilimaanisha mwendesha baiskeli. Kwa hiyo gari ndilo lililotangulia na mtu akafuata kama kiambatisho. Tena msimbo haukueleza kama aliyegongwa alikutana na gari dogo la mtu binafsi au lori la tani kumi, na mfupa unaijua tofauti hiyo.

Toleo la kumi, lililopitishwa Mei 1990, liligeuza mpangilio. Swali la kwanza sasa ni nani aliyeumia. V10 hadi V19 zote ni za waendesha baiskeli, kisha tarakimu inayofuata inasema waligongana na nini: pikipiki au bajaji ni V12, gari dogo ni V13, lori au basi ni V14. Aliyeanguka peke yake ni V18. Nukta 4 humtaja aliyekuwa akiendesha, nukta 5 ni abiria wa kwenye keria. Mbuzi na tembo wamewekwa pamoja katika V10, jambo ambalo mkazi yeyote wa kusini angelipinga.

Misimbo hii ina ukali wake inapofika kwenye uwanda wa Makonde. Newala iko juu, na kwa vizazi vingi watu wamepanda na kushuka kingo za uwanda huo kutafuta maji mabondeni. Kwenye mwinuko mkali, mwenye baiskeli iliyobeba madumu hushuka na kuisukuma. Akigongwa hapo, si mwendesha baiskeli tena. Kitabu cha misimbo kinamhesabu kuwa mtembea kwa miguu, kwa sababu hakuwa juu ya tandiko. Guta, kwa upande mwingine, ni baiskeli halali ilimradi linaendeshwa kwa pedali. Mtoto aliyepakiwa nyuma, mguu ukanaswa na spoku, naye amekumbukwa: V19.8.

Kitabu, basi, kinajua mengi. Tatizo liko kwenye kalamu. Katika mafaili mengi ya hospitali nchini, maelezo ya ajali huishia kwenye herufi tatu, RTA, yaani ajali ya barabarani. Mfumo wa taarifa za afya, MTUHA, ulioanza miaka ya 1990 kwa vitabu vya karatasi na kuhamia kwenye programu ya kompyuta ya DHIS2 nchi nzima kufikia 2013, una kipengele cha ajali za barabarani katika taarifa ya wagonjwa wa nje. Ndani yake waliokuwa kwenye basi, bodaboda na baiskeli wanakuwa kitu kimoja. Anayelipia matibabu hasaidii sana, maana yeye anataka kujua mfupa uliotibiwa, si lori lililouvunja. Habari za lori zimo kwenye PF3, lakini hiyo ni karatasi ya polisi na inaelekea mahakamani.

Hivyo mtu anayetaka kujua ni waendesha baiskeli wangapi waliogongwa na malori kati ya Masasi na Newala katika msimu mmoja itambidi afungue faili mojamoja, asome mwandiko wa tabibu, na kutumaini kwamba aliyekuwa zamu usiku ule aliuliza.

Toleo la kumi na moja lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Linaruhusu misimbo kuunganishwa, ili jeraha na kilicholisababisha vikae katika mstari mmoja bila kimoja kumezwa na kingine. Kwa Mkomaindo na hospitali nyingine za kusini, kompyuta itaweza kuupanga mstari huo, mradi mapokezini pameulizwa maswali matatu: ulikuwa unaendesha, umepakiwa au unasukuma; umegongana na nini; na je, ilikuwa barabarani au uani.