Kadi za Posta na Picha za Nyumbani: Mashahidi wa Khabari za Kale



Watu wengi wakitajiwa historia, mara hukumbuka vitabu vinene, vita, na majina ya wafalme. Leo nataka kuwaeleza juu ya historia iliyo ndogo hata yaweza kukaa katika kiganja cha mkono. Nayo ni kadi ya posta yenye picha, pamoja na vitabu vile ambavyo watu hubandika picha na karatasi zao nyumbani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Basi mji nao ni mali, na ukoo ni mali, na vitu hivi viwili ni daftari zake.

Kadi ya posta ya kwanza ilitolewa na serikali ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Ilikuwa kipande cha karatasi nene kisicho na picha, na shabaha yake ni kumpunguzia mtu gharama na kazi ya kuandika barua. Mwaka 1874 mataifa mengi yalikutana mjini Bern, Uswisi, yakafanya mapatano ya kupelekeana barua, na njia ya posta kutoka nchi hata nchi ikawa nyepesi. Baadaye wenye maduka wakatambua kwamba mtu aliye safarini hupenda kuwaonyesha jamaa zake mahali alipo, wakachapa picha juu ya kadi.

Bandari ya Unguja ilifaa sana kwa biashara hiyo. Meli zilitia nanga, abiria wakashuka kwa saa chache, wakanunua kadi, wakaandika maneno mawili matatu, wakazitia posta. Wapiga picha waliojulikana sana mjini walikuwa Magoa: A. C. Gomes, aliyefanya kazi hiyo tangu karne ya 19, na kadhalika ndugu wa jamaa ya Coutinho. Kadi nyingi za Afrika ya Mashariki zilipelekwa kuchapwa Ulaya, hasa Ujerumani, kisha zikarudishwa kuuzwa huku. Kwa hiyo leo kadi za Unguja huonekana London, Lisbon na Berlin kuliko Unguja kwenyewe, kwa sababu zilinunuliwa ili ziondoke.

Sasa twaweza kujifunza nini katika kadi hizi? Kwanza, hutuonyesha mahali palipobadilika. Mgeni akifika Darajani leo huuliza, daraja liko wapi? Halipo. Lakini tazama kadi ya zamani, utaona mkono wa bahari umeingia kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na maji yakijaa na kupwa. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, hata katikati ya karne ya 20 ukawa nchi kavu. Ndipo utakapofahamu kwa nini upande wa pili waitwa Ng'ambo. Jina limebaki, maji yamekwenda, na kadi ndiyo inayounganisha mambo hayo mawili.

Kadhalika vijana wengi hawasadiki wakiambiwa kwamba Unguja palikuwa na gari la moshi. Lilikuwapo. Kampuni ya Kimarekani ilitengeneza njia ya reli kutoka mjini mpaka Bububu, yapata maili saba, nayo ilianza kazi mwaka 1905. Katika miaka ya 1920 ikakoma, na vyuma vikaondolewa. Lakini ziko kadi zinazoonyesha gari lile likipita katika njia nyembamba, karibu ligusane na baraza za nyumba, na watu wamesimama kando kulipisha. Mzee akisimulia, kijana aweza kusema ni hadithi. Picha ikiwekwa mbele yake, hana la kusema.

Tena, kadi hutusaidia kujua tarehe za mambo, lakini yataka akili. Chukua jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga jumba la mfalme, wakati Sayyid Khalid bin Barghash alipokalia kiti, na vita vile havikutimia saa moja. Kabla ya siku ile mnara wa taa ulisimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib. Baada yake mnara ule haukuwapo tena, bali ulijengwa mnara wa saa ulioshikamana na jumba lenyewe. Basi mwenye picha isiyo na tarehe atazame mnara: ukiwa umejitenga, picha ni ya kabla ya mizinga, ukiwa umeshikamana na jumba, ni ya baadaye.

Igeuze kadi nyuma nako utapata ushahidi. Zamani upande wa nyuma ulikuwa wa anwani tu, na mwandishi alilazimika kubana maneno yake pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe mara mbili, maneno huku na anwani huku, mwaka 1902. Ujerumani mwaka 1905. Marekani mwaka 1907. Tazama na stempu. Ikiwa ina sura ya Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 mpaka 1960, kadi haikupelekwa kabla ya 1911. Lakini angalia sana: tarehe ya posta hutuambia siku ya kupelekwa, wala si siku ya kupigwa picha. Kadi yaweza kukaa dukani miaka mingi.

Hapo tumefika penye jambo la kuangaliwa zaidi. Shahidi huyu si mwongo kila mara, lakini hasemi yote. Kadi ilitengenezwa ili impendeze mnunuzi, na mnunuzi alikuwa mgeni. Aghalabu rangi zilitiwa na mafundi wa Ulaya ambao hawakuiona nchi yenyewe. Kwa hiyo usiape kwamba kanga ilikuwa nyekundu kwa kuwa kadi yasema nyekundu. Watu waliletwa katika chumba cha mpiga picha, wakawekwa mbele ya pazia lililochorwa, wakaambiwa wasimame hivi na hivi. Kisha chini yake pakaandikwa «Mwanamke wa Kiswahili» au «Mchukuzi», basi. Jumba lina jina, meli ina jina, lakini binadamu hana.

Hata hivyo mwenye macho huona lile ambalo mpiga picha hakukusudia kulionyesha. Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja mwaka 1897. Katika picha za kabla ya hapo wanawake wengi wa kazi huonekana wamevaa merikani au kaniki tupu. Katika picha za miaka iliyofuata, kanga za maua na maandishi zaonekana kwa wingi, na baadaye buibui. Vazi lile lilikuwa neno. Mwanamke aliyeachwa huru alikuwa akisema mbele ya watu, bila ya kufungua kinywa, kwamba yeye sasa ni mwungwana kama mwungwana mwingine. Mwenye kuuza kadi aliona nguo nzuri tu. Sisi twaona heshima iliyotafutwa.

Ndiyo sababu kadi peke yake haitoshi. Yataka iwekwe pamoja na shahidi wa pili, yaani kitabu cha picha cha nyumbani. Watu wetu nao walikwenda kwa wapiga picha kwa hiari yao na kwa fedha zao: siku ya arusi, siku ya Idi, au siku ya kijana kwenda masomoni. Mjini Unguja chumba cha Capital Art Studio kilifunguliwa mwaka 1930, na vizazi kadhaa vimepita mbele ya kamera zake. Huko mtu alichagua mwenyewe nguo yake, na nani akae kitini na nani asimame.

Wala kitabu cha nyumbani si cha picha peke yake. Wengine walibandika kadi za mwaliko, tiketi za meli, stakabadhi za karafuu, hati za shule, na vipande vilivyokatwa katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapwa Dar es Salaam mwaka 1923. Usidharau vitu hivi. Stakabadhi moja yaweza kukuonyesha bei ya karafuu na jina la shamba ambalo leo ni mtaa wa nyumba. Asiyekuwa na picha hata moja, lakini ana sanduku la karatasi za babu yake, huyo naye ana historia mkononi.

Nitawaeleza jambo lililonipata mwenyewe. Nyumbani kwetu iko picha ya wanawake watano wa arusini, wamevaa kanga za sare. Wawili nawajua: bibi yangu na shangazi yangu. Watatu siwajui. Bibi alipomzaa baba yangu alishikwa na maradhi, na mtoto akanyonyeshwa na jirani mpaka akapata nguvu. Jina la jirani yule twalitaja hata leo katika dua, na tumeambiwa kwamba yumo katika picha ile. Shangazi aliwajua wote watano. Nikasema moyoni, nitamwuliza baada ya Idi, nikiwa na nafasi. Idi haikumkuta. Sasa tunalo jina na tunazo nyuso tatu, wala hatujui jina ni la uso upi. Nimeigeuza picha ile mara nyingi, na nyuma pameandikwa neno moja tu: Ukumbusho.

Wasikilizaji, msifanye kama nilivyofanya mimi. Wiki hii, mwanafunzi, toa picha za nyumbani, keti na babu au bibi, umwulize kwa adabu: Huyu ni nani? Ni mwana wa nani? Mlikuwa wapi, na mwaka gani? Asipokumbuka mwaka, mwulize ilikuwa kabla au baada ya jambo gani, mafuriko, njaa, au arusi ya fulani. Mwache aseme mpaka amalize, kwa maana picha moja hufungua hadithi kumi. Kisha andika nyuma ya picha kwa penseli laini, bila ya kukandamiza, majina yote kuanzia kushoto, na jina la aliyekupa khabari. Usitumie wino, maana hupenya na kuharibu uso wa picha. Usizibandike kwa gundi. Zitie katika bahasha safi, na bahasha katika sanduku kavu, mbali na jua, mchwa na hewa ya chumvi.

Ikiwa jamaa zenu wako mbali, waandikieni. Baada ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Unguja zilitawanyika, na watu wengi walihamia Oman. Picha nazo ziligawanyika: nyingine zi Maskati, na waliojua majina wamebaki Unguja; au majina yako Maskati, na picha ziko Unguja. Ndugu wakipelekeana nakala, vipande viwili vyaweza kuwa kimoja tena.

Msidhani kwamba majengo ni imara kuliko karatasi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafa. Jumba lililostahimili mizinga ya 1896 lilishindwa na uchakavu. Mawe yale yalikuwa na uzito wa maelfu ya ratili, yakaanguka. Kadi zile, nyepesi kama jani, zingalipo, na ndizo zinazotuonyesha mnara ulivyokuwa. Basi ikiwa karatasi yaweza kutunza jumba la mfalme, haitashindwa kutunza uso wa mama aliyemnyonyesha mtoto wa jirani yake, ila mtu aandike jina lake angali hai anayelijua.

Nami hapa nakoma. Kwaherini.