Nani Alimfundisha Itosu?

Katika mitindo ya karate iliyotokana na mji wa Shuri, nasaba ya walimu huchorwa kwa mstari mmoja ulionyooka: Matsumura Sokon, kisha Itosu Anko (1831–1915), kisha wanafunzi wa Itosu walioitoa karate Okinawa na kuifikisha Japani nzima. Sehemu ya chini ya mstari huo haina ubishi. Funakoshi Gichin, Motobu Choki, Chibana Choshin na Mabuni Kenwa wote walipita mikononi mwa Itosu. Shida iko juu yake, pale anapounganishwa na Matsumura kana kwamba hakuwahi kukaa mbele ya mwalimu mwingine.

Wanaoutia shaka mstari huo ni wanafunzi wake mwenyewe. Funakoshi, katika kitabu chake cha 1935, aliandika kwamba mwanafunzi wa Matsumura alikuwa Azato. Itosu, aliandika, alifundishwa na mwalimu mwingine, Gusukuma. Motobu, miaka mitatu kabla, alikuwa ametoa kisa tofauti kabisa. Kwa maelezo yake, Itosu alianza kwa Matsumura, lakini kwa kuwa alikuwa mzito wa mwendo, mwalimu hakumjali, naye akahamia kwa Nagahama wa Naha. Nagahama alipokaribia kufa alimwambia wazi kwamba alichompa ni mazoezi ya kuutia mwili nguvu. Akitaka kujua kupigana, arudi kwa Matsumura.

Wapo wanaokitupa kisa hicho kwa sababu Motobu alijulikana kwa ugomvi wa mitaani na ulimi mkali, na kwa sababu yeye pia alijinasibisha na Matsumura. Hoja hiyo hainitoshi. Motobu alijitaja kuwa mwanafunzi wa Itosu. Kumshusha mwalimu ni kujishusha mwenyewe. Tena kisa chake kinamrudisha Itosu kwa Matsumura, hakimtengi naye. Ninamsadiki kuliko ninavyousadiki mchoro uliotengenezwa na vyama vinavyohitaji uhalali.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni waraka alioandika Itosu mwenyewe Oktoba 1908, wenye mafundisho kumi. Hunukuliwa mara nyingi, ila husomwa kwa haraka. Anaanza kwa kusema kwamba karate haikutoka katika dini ya Buddha wala mafundisho ya Confucius. Zamani zililetwa kutoka China shule mbili, Shorin na Shorei, kila moja ina ubora wake, na zote zihifadhiwe bila kubadilishwa. Hamtaji mwalimu wake hata mmoja. Mzee wa miaka zaidi ya sabini, aliyewahi kuwa karani katika serikali ya ufalme wa Ryukyu kabla Japani haijaufuta mwaka 1879, hakuona haja ya kujipatia heshima kwa jina la Matsumura. Anazungumzia kupiga makiwara, ubao wa mazoezi, mara mia moja au mia mbili, mabega yakiwa yameshushwa. Anataja mmeng'enyo wa chakula na mzunguko wa damu. Hata ushindi dhidi ya Napoleon anauhusisha na viwanja vya michezo vya shule.

Kwa sababu ya shule za Okinawa, ambako mafunzo ya karate yalianza mwaka 1901, wakosoaji humlaumu kwamba aliigeuza karate kuwa mazoezi ya watoto, wakizielekezea kidole kata (mifuatano ya miondoko) tano za Pinan. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Aliyetoka kwake na kuwa mpiganaji hodari kama Motobu hakulelewa na mwalimu wa mchezo.

Kuhusu nasaba, Mabuni alikuwa mkweli kuliko wachoraji wote waliomfuata. Alijifunza kwa Itosu wa Shuri na kwa Higaonna Kanryo wa Naha, na alipoupa mtindo wake jina, Shito-ryu, alichukua herufi kutoka majina ya walimu hao wawili.