Kazeh, Unyanyembe, Tabora

Niliposoma kwa mara ya kwanza habari za safari ya Burton na Speke, nilidhani hawakupita kwetu. Waliondoka pwani Juni 1857, wakavuka Ugogo, na Novemba 7 wakaingia Kazeh, wakakaribishwa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Tabora sikuiona. Mzaliwa wa Tabora, mtu mzima, sikujua kwamba Kazeh ndiyo kwetu!

Nchi yenyewe iliitwa Unyanyembe, yenye mtemi wake, na wageni wengine waliuita hata mji kwa jina hilo. Lakini Stanley, aliyefika mwaka 1871, aliandika Tabora.

Nililipenda sana Kazeh. Shule niliyosoma ilikuwa mbali na nyumbani, na wenzangu walikuwa wakinitania kuwa mla viazi. Sasa nimepata jina lililochapwa katika ramani za London. Likizo ikafika, nikamwuliza bibi. Kazeh hakupata kulisikia. Basi Tabora maana yake nini? Akacheka, akaingia ndani, akatoka na ungo wa matobolwa.

“Hiyo hapo, mjukuu wangu.”

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa hadi vikauke. (Michembe ni kitu kingine, hiyo huanikwa mibichi.) Ndivyo wenyeji wengi wanavyoeleza asili ya jina, nami naona lina mantiki: mpagazi mwenye frasila mbili begani alihitaji chakula chepesi, kisichooza, cha kutafuna na karanga njiani. Siku ile, nakiri, nilinywea.

Wajerumani walikuwa hodari wa kubandika majina. Lushoto waliiita Wilhelmstal, Kasanga wakaiita Bismarckburg. Tabora waliipata kwa damu: Januari 1893 walilivamia boma la Mtemi Isike, naye akajilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Hata hivyo jina hawakuligusa. Reli ilipofika mwaka 1912 ilifika Tabora. Wabelgiji walipouteka mji Septemba 1916 waliiteka Tabora. Kazeh imebaki vitabuni.

Nilipokuwa naondoka bibi alinifungia matobolwa katika kitambaa. Ndani ya behewa niliona haya kuyafungua, mpaka abiria wa mbele yangu akatoa ya kwake. Kabla ya Morogoro yangu yalikuwa yamekwisha.