Thumuni Iliyokuwa Nusu: Akisami Kabla ya Darasa

Mtoto wa Kenya anayejifunza msamiati wa akisami hukaririshwa nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Thumuni, huambiwa, ni sehemu moja kati ya nane. Kisha hurudi nyumbani akamsikia bibi yake akiita sarafu ya senti hamsini "sumuni". Senti hamsini ni nusu ya shilingi. Hata mtoto mdogo aliyewahi kutumwa dukani analijua hilo. Basi nani amekosea, mwalimu au bibi?

Hakuna aliyekosea. Bibi anahesabu kwa fedha ambayo hajapata kuishika.

Katika karne ya 19 biashara ya pwani yetu iliendeshwa kwa riale, hasa ile ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyoendelea kugongwa na mwaka 1780 usoni mwake hata baada ya yeye kufa. Riale moja ilikuwa kitu kikubwa mno kwa mnunuzi wa samaki wawili, hivyo watu walihesabu vipande vyake: nusu, robo na thumuni. Baadaye rupia ya Kihindi ikatawala soko, na riale ikawa yapata rupia mbili na ushei. Mwaka 1920 Waingereza wa Kenya wakaiondoa rupia na kuleta florini, nayo haikudumu. Ikaja shilingi, mbili kwa kila florini. (Zanzibar waliendelea na rupia yao hadi 1936.) Sasa na tupige hesabu. Riale ni kama rupia mbili, rupia ni shilingi mbili, kwa hiyo riale ni kama shilingi nne. Gawanya shilingi nne kwa nane: unapata senti hamsini. Riale ilitoweka, rupia ikatoweka, florini ikasahauliwa, lakini jina la kipande likabaki likielea bila kizima chake.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu ndani yake mna somo gumu kuliko yote katika kufundisha sehemu kwa watoto wadogo: sehemu haina maana mpaka kizima chake kitajwe. Robo ya chungwa na robo ya tikiti ni robo zote mbili, ila hakuna mtoto atakayekubali kubadilishana. Anayejua tu kwamba thumuni "ni moja juu ya nane" hajajua bado, anayeuliza "thumuni ya nini?" ameanza.

Majina haya yote yametoka katika Kiarabu, lakini hayakuingia kwa mlango mmoja wala hayakuingia kwa nguvu sawa. Faraidhi, yaani elimu ya mirathi, ina mafungu sita yaliyotajwa katika Kurani: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mume akifa na kuacha mke, mama na mtoto wa kiume, mke hupata thumuni, mama sudusi, mtoto kilichobaki. Mgawaji hutafuta namba inayogawika kwa nane na kwa sita, nayo ni 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Huko ndiko kutafuta asili ya shirika ambako mwanafunzi wa leo hukulalamikia, na kulifanywa katika baraza za pwani kwa sababu shamba la minazi lilikuwa likisubiri kugawanywa na ndugu walikuwa wamekaa wakitazamana.

Mlango wa pili ulikuwa kipimo. Pishi ni vibaba vinne na kisaga ni vibaba viwili; basi kibaba ni robo pishi, na kisaga ni nusu yake. Mtoto aliyetumwa kupima mchele alizishika nusu na robo kwa mikono kabla ya kuziandika. Na hadi leo twanunua nyama robo, na saa zetu zina robo na kasorobo.

Subui na tusui, kwa upande wao, hazikupata fungu katika mirathi ile, wala mizani, wala sarafu. Sijapata kumsikia mtu akizitumia nje ya kitabu cha shule, na ndiyo maana mtoto huzisahau mara tu mtihani unapokwisha. Ushuri angalau una jamaa anayeogopwa na kila mfanyabiashara: ushuru.

Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, hisabati ilifuata njia nyingine. Nusu, robo na theluthi zilibaki, lakini kwingineko mwalimu husema wazi: moja ya tano, tatu ya nane. Namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Ni njia iliyo bora kwa mtoto wa miaka minane, kwani "moja ya tano" inajieleza yenyewe, ilhali humusi humtaka ajue kwanza kwamba Mwarabu husema khamsa. Kenya nako jambo limepasuka vipande viwili: akisami hukaririwa katika somo la Kiswahili, na sehemu zenyewe hufundishwa katika hisabati kwa Kiingereza. Nimeona watoto wanaoijua sudusi kwa moyo, lakini ukiwapa chapati na kisu wasijue pa kuanzia.

Hata hivyo nisingependa majina ya kale yafutwe, na wasomaji wa ushairi watanielewa. Tathlitha, tarbia, takhmisa, tasdisa: hizi ni bahari zinazohesabu mishororo mitatu, minne, mitano, sita, na mizizi yake ndiyo ile ile ya thuluthi, robo, humusi na sudusi. Mshororo mmoja wa tarbia ni robo ya ubeti. Mmoja wa takhmisa ni humusi. Hata neno guni tumegawana na wanahisabati: kwetu ni shairi lililokosa vina au mizani, kwao sehemu guni ni ile ambayo kiasi chake kimeizidi asili.

Kwa hiyo mwalimu asiye na machungwa ya kukata anaweza kukata ubeti. Auandike ubeti wa tarbia kwenye karatasi, mshororo mmoja chini ya mwingine, mizani nane kwa nane. Watoto waikunje karatasi katikati na kuikata: nusu mbili, mishororo miwili kila moja. Wakate tena: robo nne. Kisha wapitishe mkasi kati ya ukwapi na utao, na kila mtoto abaki na kipande kimoja chenye mizani nane, thumuni ya ubeti. Ubeti mzima una mizani 64, na rupia ile ya zamani ilikuwa na pesa 64. Ni sadfa tu, lakini bibi mwenye sumuni yake angeifurahia.