Kuenea kwa Sungusungu katika Usukuma

Sungusungu, kama wasomaji wetu wajuavyo, ni chungu weusi waendao kwa safu na kuuma vikali. Jina hilo walipewa walinzi waliotokea pande za Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 bunduki zilikuwa zimetawanyika, na wezi wa ng'ombe wakazidi. Mtu aliyelala na zizi lililojaa aliamka maskini.

Tukiuliza kwa nini jambo hili, lililoanza pasipo amri ya serikali, lilifika upesi hata Geita, Mwanza na Tabora, twaona sababu tatu. Kwanza, lilivaa nguo za kale. Kiongozi aliitwa ntemi, ingawa utemi ulikuwa umefutwa mwaka 1963. Ukelele wa hatari ulikuwa mwano uleule wa wazee. Upinde na mishale vilikuwamo nyumbani tayari. Na adhabu ya kumtenga mkosaji ilijulikana tangu zamani kwa basumba, yaani chama cha vijana. Pili, mwizi akifukuzwa huku hukimbilia kule. Kijiji kisicho na walinzi kiligeuka kuwa maficho, nacho kikawaita jirani waje kukifundisha. Tatu, Wasukuma huhama na ng'ombe wao. Waliohamia Geita walikuwa na ndugu Shinyanga, na habari ya ndugu husadikiwa kuliko tangazo. Serikali ilifuata nyuma, ikawatambua walinzi hao kwa sheria ya mwaka 1989.

Lakini njia ipitishayo mema hupitisha na mabaya. Walinzi walewale, hasa miaka ya mwanzo, waliwasaka waliodhaniwa kuwa wachawi, na akina mama wazee wakafukuzwa makwao. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, kumbe ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Dhana hiyo nayo ilichukuliwa na jirani na ndugu, na aliyeitilia shaka aliogopa kutengwa.

Basi sisi tufundishao na tuyaangalie hayo. Neno kukubaliwa na wengi si dalili ya kuwa ni kweli. Huenda limepita tu penye njia iliyo wazi. Nasi tukitaka kuing'oa desturi mbaya, tuanze na wale wasikilizwao na jirani zao, mzee kwa mzee, kijiji kwa kijiji, kama sungusungu wenyewe walivyokwenda.