Zidumu Fikra: Sifa za Viongozi Zilivyojengwa Kwetu Arusha

Ndugu zangu mliomaliza, nanyi vijana mlioko madarasani, mara nyingi naulizwa kama kizazi chetu kilimpenda Mwalimu Nyerere kwa hiari au kilipangwa. Nasema yote mawili.

Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio hapa mjini mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa Februari 5. Papo hapo yakaanza matembezi ya kuliunga mkono. Kijana Seti Benjamin alitoka Arusha kwa miguu kwenda Dar es Salaam, akafariki njiani. Moyo wa kijana yule haukuwa wa kuagizwa na mtu.

Mengine yaliagizwa. Balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango kuwatoa watu mkutanoni, redio iliimba, shule zilitoa kwaya na halaiki. Miaka ya 1970 sisi tulipangwa kando ya barabara tangu asubuhi, vibendera mkononi, kisha msafara ukapita kwa dakika moja! Picha ya Rais ilining'inia katika kila duka. Mkutano ulifungwa kwa "Zidumu fikra za Mwenyekiti", na aliyechelewa kuitikia alitazamwa.

Ajabu ni kwamba mwaka 1963 Mwalimu mwenyewe alitoa waraka wa kukemea viongozi wapenda makuu. Wala hakuwa Mobutu, ambaye televisheni ya Zaire ilimwonyesha akishuka kutoka mawinguni. Hata hivyo sarafu za 1966 zilikuwa na sura yake, na sijasikia kwamba aliikataa.

Hasara yake ilikuwa hii: fikra za mtu mmoja zikisha kuombewa zidumu, mwenye fikra nyingine aziseme wapi? Oktoba 1968 wanachama tisa walifukuzwa TANU, wengi wao wabunge, na kufukuzwa chama kulikuwa kupoteza kiti Bungeni. Darasani kwetu jambo hilo halikufundishwa. Tulifundishwa nyimbo.

Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, ukumbi ule wa mkutano ukafanywa makumbusho, na karibu yake ukasimama mnara wa mwenge mnaoupita kila siku mwendapo mjini.

Mwalimu aliacha urais Novemba 1985, akabaki Mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Mwaka 1986 zikatoka noti mpya. Zilikuwa na sura ya Mzee Mwinyi.