Upatanifu wa kadi ya grafiki na kompyuta ya zamani

Upatanifu wa kadi ya grafiki ni uwezo wa kadi mpya kuingia, kupata umeme wa kutosha na kufanya kazi katika kompyuta ya mezani iliyotengenezwa kabla yake. Kikwazo cha kwanza ni sloti ya ubaomama. Sloti ya AGP, iliyoanza 1997, haipokei kadi ya PCI Express. Matoleo ya PCI Express yenyewe huelewana: kadi ya toleo la 4 hufanya kazi kwenye sloti ya toleo la 3, ila kwa kasi ya sloti. Hasara hiyo huonekana zaidi kwa Radeon RX 6500 XT ya 2022, inayotumia njia 4 tu za data badala ya 16.

Umeme ndio hukwamisha wengi. Sloti hutoa wati zisizozidi 75. Kadi inayohitaji zaidi hudai waya wa pini 6, unaoongeza wati 75, au wa pini 8, unaoongeza 150. Dell OptiPlex 7010 ya kasha dogo ina pawasaplai ya wati 240 isiyo na waya huo, hivyo huifaa kadi ya kimo kifupi inayotosheka na umeme wa sloti, kama baadhi ya GeForce GTX 1050 Ti. Adapta ya kuchukua umeme kwenye waya wa SATA iepukwe kabisa: kiunganishi chake kimekadiriwa wati 54 kwa volti 12, na kikizidiwa huyeyuka, hata kuwaka moto.

Kikwazo kingine ni programu ya kuwashia kompyuta: mashine zenye BIOS ya zamani, isiyo ya UEFI, zinaweza kukataa kuonyesha picha kwa kadi mpya.